Malalamiko Kuhusu Metali ya Risasi Katika Maji na Udongo wa Mtaa Wetu

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Kiwanda cha Kuyeyusha Betri Chakavu.

Nakala: Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), Afisa wa Afya ya Umma wa Kaunti.

Bwana Mkurugenzi,

KUH: JIBU LENU KWAMBA TUCHEMSHE MAJI

Tumeisoma barua yenu ya mwezi uliopita, ambamo mmetueleza kwamba maji ya kisima chetu yatakuwa salama tukiyachemsha na kuyatia klorini, na kwamba kiwanda hakitawajibika mpaka mkazi athibitishe kuwa ameugua kwa sababu yake. Ninaandika kwa niaba ya wakazi wa nyumba zilizo nyuma ya ukuta wenu kueleza kwa nini hatulikubali jibu hilo.

Kuchemsha na klorini huua vijidudu, lakini risasi inayotoka katika betri mnazoyeyusha ni metali. Maji yanapochemka, mvuke hupanda na risasi hubaki sufuriani, hivi kwamba mama anayefuata ushauri wenu kwa bidii na kuyaacha maji yachemke kwa muda mrefu huishia kumpa mtoto wake kikombe chenye risasi nyingi zaidi. Vipimo vya maabara tulivyoambatisha vinaonyesha kuwa maji hayo yamevuka mikrogramu 10 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limeweka kwa maji ya kunywa. Risasi iliyoyeyuka majini haionekani wala hainuki, kwa hiyo mhandisi wenu aliyeinua glasi na kutamka kuwa maji ni maangavu hakuwa amepima chochote.

Hata kisima kikifungwa leo, udongo utabaki. Vumbi la dohani yenu huanguka juu ya mabati tunayokingia maji ya mvua, na katika viwanja ambamo watoto hutambaa kisha wakatia mikono mdomoni. Ovaroli za vijana wetu mliowaajiri hufuliwa nyumbani, katika beseni lile lile la nguo za watoto, kwa kuwa kiwandani hamkuweka mahali pa kufulia wala pa kuoga. Risasi haiozi. Mgodi wa risasi wa Kabwe nchini Zambia ulifungwa mwaka 1994, na bado watoto wa mji huo, waliozaliwa miaka mingi baadaye, hukutwa na risasi katika damu yao.

Mwili huipokea metali hii kana kwamba ni kalsiamu na kuihifadhi mifupani, ambako hukaa kwa miaka mingi. Mwanamke akishika mimba, sehemu yake hurudi kwenye damu na kumfikia mtoto aliye tumboni. Mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 ya kile anachofyonza mtu mzima kutokana na kiasi kile kile alichomeza. Anaweza kuonekana mzima, asiye na homa wala kikohozi, huku uwezo wake wa kujifunza na kutulia darasani ukipungua, na madhara hayo ya ubongo hayarudi nyuma. Watu wazima hupata shinikizo la damu na maradhi ya figo. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi mwilini kilicho salama. (Pakiti za maziwa mnazowagawia wafanyakazi ni lishe njema, ila haziwezi kuchukua nafasi ya barakoa na bafu.)

Kuhusu uthibitisho mnaoutaka, Ibara ya 42 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Ibara ya 70 inasema waziwazi kwamba anayekwenda mahakamani kuitetea haki hiyo halazimiki kuonyesha kuwa kuna mtu aliyepata hasara au madhara. Mawakili wenu bila shaka wanaifahamu kesi ya wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako betri ziliyeyushwa kuanzia 2007 hadi 2014. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Tunataka msimamishe tanuri mpaka NEMA ikague dohani na mfereji wa maji taka, na mlete maji safi kwa malori kuanzia wiki hii. Mgharamie upimaji wa damu ya watoto wote na wajawazito katika hospitali tutakayoichagua sisi, matokeo yakabidhiwe kwa wazazi wenyewe. Udongo wa juu uliochafuliwa uondolewe na kupelekwa mahali palipoidhinishwa, si kumwagwa kwenye korongo la ng'ambo kama mlivyofanya na mabaki ya tanuri.

Tunangoja jibu la maandishi ndani ya siku 14. Likikosekana, wakili wetu atawasilisha ombi mahakamani pamoja na vipimo hivi.

Wako,

Katibu,
Kamati ya Wakazi.