Tunapoadhimisha kura ya wanawake, tuulize: wanawake gani?

Mhariri,

Kila yanapofika maadhimisho ya haki ya wanawake kupiga kura, husomwa sentensi ileile: mwaka fulani, nchi fulani, "wanawake walipewa kura". Maneno mawili katika sentensi hiyo yananikera: "walipewa" na "wanawake".

La kwanza halina maneno mengi. New Zealand ndiko wanawake walikoanza kupiga kura katika uchaguzi wa nchi nzima, mwaka 1893. Kabla ya hapo Kate Sheppard, kinara wa harakati za kudai kura huko, na wenzake walikuwa wamepeleka maombi Bungeni mwaka 1891, wakakwama. 1892, wakakwama tena. Mara ya tatu karatasi 546 za sahihi ziliunganishwa kwa gundi zikawa ukanda wa mita 270, ukaviringishwa kwenye mpini wa ufagio. (Ufagio! Kama ilikuwa kejeli, basi ilikuwa kejeli tamu.) Mbunge John Hall aliuachia ukabingirika katikati ya ukumbi hadi ukagonga ukuta. Anayebisha hodi mara tatu namna hiyo hajapewa kitu, amekidai.

Hilo la pili ndilo linalonisumbua zaidi. New Zealand ilihesabu pia wanawake wa Kimaori, lakini kwingine mambo hayakuwa hivyo. Uingereza huadhimisha 1918, ilhali sheria ya mwaka huo ilitaka mwanamke awe ametimiza miaka 30 na awe na mali, au mumewe awe nayo. Mabinti wa miaka ishirini na kitu waliokuwa wakijaza baruti kwenye makombora wakati wa vita walisubiri hadi 1928. Australia huadhimisha 1902, lakini sheria hiyohiyo iliwafungia mlango karibu wenyeji wote wa asili, wake kwa waume, na haukufunguliwa kwa wote hadi 1962. Afrika Kusini mwaka 1930 ilihesabu wanawake weupe peke yao.

Na Marekani? Tarehe inayotajwa ni 1920. Huko Kusini, mwanamke mweusi aliyefika kujiandikisha alikutana na kodi ya kura, mtihani wa kusoma na vitisho, hadi ilipopitishwa sheria ya 1965. Ubaguzi huo ulikuwamo hata ndani ya harakati zenyewe. Katika maandamano ya Washington ya tarehe 3 Machi 1913, Ida B. Wells, mwandishi wa habari aliyezaliwa utumwani, aliambiwa asitembee na wenzake wa jimbo la Illinois. Akae nyuma na weusi wenzake. Alikataa. Alijichanganya na watazamaji kando ya barabara, na kundi la Illinois lilipofika akatoka, akaingia safuni, akaendelea nao.

Wapo watakaosema ninaharibu sherehe. Mimi naona sherehe isiyo na nafasi ya Wells inarudia kosa la wale waliomwambia akae nyuma.

Ombi langu kwako, mhariri, ni dogo na halitakula nafasi gazetini. Mnapochapisha mwaka wa ushindi, wekeni pembeni yake mwaka ambao walioachwa nje nao waliingia: Uingereza 1918, na 1928. Australia 1902, na 1962. Marekani 1920, na 1965. Afrika Kusini 1930, na 1994.

Msomaji wako