Viranja na wanafunzi wa mabweni, mlindeni mwenzenu bila kumuuliza maswali

Wajukuu zangu wa shule za sekondari za Busia, Tororo na kokote Uganda barua hii itakakofika, hamjambo.

Kuna mtoto shuleni kwenu anayeogopa kengele ya chakula. Akisimama kwenye foleni ya posho na sahani yake mkononi, wa mbele anasogea, wa nyuma anarudi hatua mbili, anabaki peke yake katikati huku wengine wakibanana kucheka. Akirudi bwenini anakuta godoro limemwagiwa maji, na kwenye sanduku lake la bati wameandika kwa chaki: shoga. Akiwa msichana wataandika msagaji, hasa kama anapenda mpira na anatembea kwa hatua ndefu.

Nilikuwa matroni wa mabweni mpaka nilipostaafu, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Mpigaji huwa mmoja au wawili. Wanaocheka ni wachache pia. Waliobaki, karibu bweni zima, wanajifunika blanketi na kujifanya wamelala. Ninyi mnaojifunika ndio ninaowaandikia, kwa sababu wale wawili hawana nguvu yoyote siku mtakayoamka.

Nimewaona wenye roho nzuri wakimtetea mwenzao hivi: “Mwacheni, huyu si shoga, ana mpenzi shule ya jirani.” Nia ni njema, lakini utetezi huo ni mbovu. Unakubali kwamba angekuwa shoga, basi kipigo kingemstahili. Na kitanda cha tatu yupo mwingine anasikiliza, anayejua moyoni mwake kwamba yeye ndivyo alivyo, na usiku huo amejua kwamba zamu yake ikifika hata wewe mwema hutasimama. Nasema bila kumung’unya maneno: aliye hivyo na asiye hivyo wote ni watoto wetu, na wote wamelipiwa karo waje kusoma. Mtetee kwa kuwa anaonewa. Habari ya anampenda nani usiiguse kabisa, usiikane wala usiithibitishe.

Najua mnaogopa sheria, na mna sababu. Sheria ya Kupinga Ushoga ya mwaka 2023 inatoa kifungo cha maisha kwa tendo la ngono la jinsia moja, hata adhabu ya kifo kwa makosa inayoyaita mazito, na hadi miaka 20 kwa anayehukumiwa kwa kueneza ushoga. Inaniuma kuwa na sheria kama hiyo juu ya vichwa vya vijana. Lakini ijueni ilivyo, msisimuliwe na mtaa. Rais aliurudisha muswada wa kwanza bungeni, na ule uliopitishwa tena mwezi wa Mei unaadhibu matendo. Sauti nyembamba si kosa. Mwendo si kosa. Kumsingizia mwenzako kwa makusudi ndiyo kosa, ndani ya sheria hiyo hiyo. Tena Aprili 2024 Mahakama ya Katiba, ijapokuwa iliacha sehemu kubwa ya sheria isimame, ilikifuta kifungu kilichowalazimisha watu kuripotiana. Anayekwambia sheria inakulazimisha kupeleka jina la mwenzako ofisini anakudanganya. Na Katiba ya 1995, ibara ya 24, inakataza kumtesa au kumdhalilisha mtu yeyote. Ukimshika mkono anayepiga, unaitii Katiba.

Mtaniambia, bibi, lisemwalo lipo. Mimi ni Mwislamu, na katika Suratul Hujurat nimekatazwa kumdhihaki mwenzangu, kumpachika jina baya, kumdhania vibaya na kumpeleleza. Jirani zangu Wakristo wana amri yao ya kutomshuhudia jirani uongo. Sijaona dini iliyompa mwanafunzi wa kidato cha pili kazi ya kuchungulia kitanda cha mwenzake.

Kitu kimoja nawasihi sana: msishike orodha. Siku hizi likizo ikifika kuna magrupu ya WhatsApp ambamo mtu anatupia majina, na kila mmoja anaongeza la kwake. David Kato alikuwa mwalimu, kabla hajawa mtetezi wa haki anayejulikana duniani. Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lilichapisha picha na majina ya watu liliowaita mashoga, lake likiwemo, likitaka watu hao wanyongwe. Tarehe 26 Januari 2011 aliuawa nyumbani kwake Mukono. Sisemi gazeti ndilo lililomuua. Nasema jina likishatoka na maneno kama hayo, aliyelitoa hawezi tena kulirudisha. Grupu likianza hivyo, toka, na usimtumie yeyote ulichokiona.

Shuleni kazi yenyewe ni ndogo kuliko mnavyodhani. Ile nafasi kwenye foleni, ingia usimame pale na sahani yako, mwulize amemaliza hesabu za jana. Baada ya prepu tembeeni naye hadi bwenini, kwa maana njia ile yenye giza nyuma ya jiko ndipo wengi walipopigiwa. Msiende mmoja, nendeni wawili watatu, maana anayetetea peke yake kesho wanamgeukia yeye. Kiranja, futa ile chaki kwa mkono wako, mbele yao.

Mkienda kwa mwalimu mlezi, semeni kilichotendwa: nani alipiga, wapi, saa ngapi, nani aliona. Tetesi kuhusu aliyepigwa ziacheni nje ya mlango. Mwalimu akianza kuuliza “lakini kwani yeye ni nani hasa?” mrudisheni kwenye kipigo, kwa heshima. Akichukua fimbo yeye mwenyewe, kumbukeni viboko shuleni vimepigwa marufuku na sheria ya watoto tangu 2016. Ikishindikana kabisa, namba ya watoto ni 116, haitozwi pesa. Hapo pia semeni kipigo tu.

Na wewe unayesikiliza barua hii ikisomwa huku umeinamisha kichwa: huna deni la maelezo kwa mtu yeyote bwenini. Siri yako mpe mmoja uliyempima kwa muda mrefu, au usimpe yeyote kwanza. Usiache shule kabla ya mtihani wa kidato cha nne kama unaweza kuvumilia salama. Kama si salama, mwombe mzazi au shangazi akuhamishe, na sababu ya kumpa ni kwamba unapigwa. Inatosha.

Bibi yenu,
Matroni mstaafu, Busia