Vijana wa boti za feni, msiitwishe krenki mzigo wa propela

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako. Kuna jambo linanikera muda mrefu na lisiposemwa hadharani vijana wetu wataendelea kuua injini nzima huku wakiambiwa tatizo ni oili feki.

Mimi ni fundi wa injini hapa Mikindani. Nazungumzia hizi boti za feni, zile bapa chini ambazo hazina kitu chochote ndani ya maji, propela imekaa juu nyuma inapiga upepo na boti linateleza. Wazo lenyewe nalikubali kabisa tena nalipenda. Anayeijua ghuba yetu maji yakishakupwa anajua kinachobaki, ni tope na majani tu, mashine ya kawaida ya kuning'iniza nyuma inavuta mchanga, propela inanasa nyavu, na ukiingia kwenye mikoko ya delta ya Ruvuma ndo usiseme. Alafu tulishaona Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipotupitia, barabara ya Dar ikakatika kule Somanga watu wakakwama huku na huku. Chombo kinachopita kwenye maji ya kufika ugoko ni chombo cha maana sana kwetu, ndo maana roho inaniuma nikiona kijana amejichanga, amepata injini ya gari iliyotumika, amechomelea bodi vizuri kabisa, alafu injini inamfia kwa kosa ambalo lingezuilika na beringi mbili.

Nililetewa injini ya kijana mmoja wa upande wa Lindi, Toyota ya petroli silinda nne, propela ya mbao kaifunga moja kwa moja kwenye krenki, ile shafti kuu ya injini inayozungushwa na pistoni, pale pale panapofungwa flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Anasema inagonga, puli ya mbele inatembea kwenda na kurudi, oili inavuja kwenye sili. Fundi wa kwanza kamuuzia sili mpya, ikavuja tena, wa pili akamwambia abadilishe oili aweke nzito. Mimi nikafungua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, chini kumejaa vumbi la kung'aa, nikapitisha sumaku, haikushika chochote cha maana, kwa hiyo nikajua ni metali laini ndo inaliwa. Nikashusha krenki nikatoa zile washa za nusu duara za trasti, zile zinazozuia krenki isitembee mbele na nyuma. Za upande wa propela zimeliwa hadi mgongo wa chuma umeanza kuonekana na mifereji ya oili haipo tena, za upande wa pili unazikuta karibu mpya, mifereji yake yote unaiona. Ushahidi gani tena mtu anataka? Krenki ilikuwa inasukumwa upande mmoja muda wote.

Naomba nieleze kwa nini, maana hapa ndo penye mambo. Propela ikitupa upepo nyuma, nguvu ya kusukuma boti mbele lazima ipite mahali fulani ndo ifike kwenye bodi. Haifiki kwa hewani. Inaanzia kwenye hab, yaani kitovu cha propela, na kama hab imefungwa kwenye krenki basi inaingia kwenye krenki, krenki inaegemea zile washa, washa zinaegemea bloku, yaani mwili wa injini, bloku inasukuma fremu, fremu ndo inasukuma boti. Yaani boti zima na abiria na samaki wake linasukumwa kupitia vipande viwili vyembamba ambavyo unavishika kwa vidole. Injini ya farasi 100 yenye propela nzuri ya kama mita 1.8 inaweza kusukuma zaidi ya kilo 200 boti likiwa limesimama. Aliyetengeneza injini ya gari hakuwaza hicho kitu. Yeye aliweka washa kwa ajili ya klachi, ukikanyaga klachi krenki inasukumwa mbele sekunde mbili tatu, ukiachia oili inaingia tena kati ya washa na krenki maisha yanaendelea. Boti la feni ni dereva aliyekanyaga klachi toka Mikindani mpaka Msimbati hajaachia. Oili inakamuliwa pale katikati, haipati nafasi ya kurudi, joto linapanda, oili inazidi kuwa nyepesi, chuma kinagusana na chuma. Washa zikiisha krenki inaanza kula bloku yenyewe, na konrodi, zile fimbo zinazounganisha pistoni na krenki, zinavutwa upande hazikai tena katikati. Hapo hakuna kutengeneza, ni kutafuta injini nyingine.

Mtu ataniambia mbona Marekani kule Florida kwenye vinamasi vya Everglades wanafunga propela moja kwa moja na wanatembea. Ni kweli, ila wengi wanaofanya hivyo wanatumia injini za ndege, Lycoming au Continental, ambazo toka kiwandani propela inafungwa kwenye krenki na ndani kuna sehemu ya kubeba huo msukumo. Wengine wanatumia injini kubwa za magari zenye nguvu kwenye mizunguko ya chini, na wanaojali injini zao wanaweka hab yenye beringi zake pembeni. Sasa wewe umechukua Toyota ndogo umeiga nje tu ndani hujaiga.

Dawa yake ipo na sio ya ajabu. Propela isifungwe kwenye krenki, ifungwe kwenye shafti yake fupi, shafti ikae ndani ya hausingi, yaani nyumba ya chuma, yenye beringi mbili za tepa, zile za mfano wa hab za matairi ya mbele ya magari mengi, na lazima zitazamane kinyume maana beringi ya tepa inabeba msukumo upande mmoja tu. Hausingi ishikwe na fremu kwa bolti za nguvu, sio ining'inie kwenye injini. Kati ya shafti na krenki weka kapling ya mpira, yaani kiungo, inayopeleka mzunguko peke yake, na hapa nasisitiza sana, acha nafasi kidogo, krenki ibaki huru kutembea ule mchezo wake mdogo wa kiwandani. Nimeshaona mtu kaweka hausingi nzuri alafu kakaza kapling hadi inasukuma krenki, sasa umefanya nini? Grisi iwe ile inayostahimili maji ya chumvi, na sili pande zote mbili, maana chumvi ya huku haina huruma.

Faida nyingine ya hausingi ni kwamba inabeba na ule mzigo wa kupinda. Propela ikiwa kwenye kasi haitaki kugeuzwa, ukikata kona ghafla inapigana na wewe, na kama iko kwenye krenki inaipinda krenki kwenye shingo yake ya mwisho. Propela ikiwa haina balansi ndo balaa zaidi. Krenki zinapasuka hivyo hivyo, na propela ikichomoka watu wako mbele yake, sitaki hata kufikiria. Kizimba cha waya kuzunguka propela ni lazima, hilo halina mjadala.

Njia nyingine ni mkanda wa kupunguza mizunguko, puli ndogo kwenye krenki na kubwa juu kwenye shafti ya propela. Mimi kwa injini zetu ndogo naipendelea zaidi, kwa sababu propela ya mita 1.8 ikifika mizunguko 3,600 kwa dakika ncha zake zinakuwa kwenye mita 340 kwa sekunde, hiyo ni kasi ya sauti, inapiga kelele ya kutisha na nguvu inapotea bure. Injini ndogo ya gari inataka kuzunguka zaidi ya hapo ndo itoe nguvu yake yote. Kwa hiyo kuifunga moja kwa moja unapata hasara mbili, nguvu hupati na injini unaiua. Ila mkanda nao unavuta krenki kwa upande, kwa hiyo puli ya chini iwekewe beringi yake ya kuishikilia.

Ombi langu kwa TASAC, mnapokagua vyombo vidogo naomba kwenye boti za aina hii muulize swali moja tu, msukumo wa propela unabebwa na nini? Akikuonyesha krenki, mrudishe gereji. Na VETA Mtwara na VETA Lindi, mnao vijana wa makenika na mnao wa uchomeleaji na mashine za kukereza, hii hausingi ni kazi ya karakana kabisa, wafundishwe wajue kuichonga na kuipanga sawasawa, wavuvi watakuja wenyewe kununua.

Na kwa ambaye boti lake tayari liko majini na hela ya hausingi hana kwa sasa, usisubiri igonge. Kila unapobadilisha oili weka dayo geji, ile saa ya kupimia mchezo mdogo, kwenye ncha ya krenki, isukume mbele na nyuma kwa bisibisi nene, soma. Toyota nyingi ndogo kikomo ni milimita 0.30. Ukikuta imefika hapo, lipandishe boti pwani lisirudi majini mpaka washa zibadilishwe na propela itolewe kwenye krenki.

Wako,
Fundi injini, Mikindani, Mtwara