Muuza jenereta, niulize kwanza nina pampu gani

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na wauzaji wa majenereta wa hapa Dodoma, pamoja na wenzangu walio mbioni kununua.

Ninaishi Mkonze. Kwetu maji ni ya kisima kirefu chenye pampu ya umeme, kwa hiyo umeme ukikatika na maji yamekatika. Halafu kuna mume wangu. Anajidunga insulini, na chupa zake ambazo hajaanza kuzitumia hukaa kwenye friji, nyuzijoto 2 hadi 8. Jenereta nyumbani kwangu si la kutazamia mpira.

Kiangazi kilichopita nilikwenda duka moja mjini na sehemu ya kiinua mgongo changu. Kijana wa dukani alinipokea kwa adabu zote, shikamoo mama, karibu kiti mama, kisha akaniuliza swali moja tu: umejipanga na shilingi ngapi? Nilipomtajia akanitolea boksi lililoandikwa 3.5 KVA, kipimo cha ukubwa wa jenereta, kwa herufi kubwa nyekundu. "Hili linabeba nyumba nzima, mama." Nikalipa.

Umeme ulipokatika mara ya kwanza ilikuwa saa moja jioni. Mwanangu alivuta kamba, jenereta likawaka, taa zikang'aa, friji ikaanza kunguruma. Tukashukuru. Akawasha pampu. Jenereta likakoroma kama lori la mzigo linalopanda Sekenke, taa zikafifia hadi nikashindwa kusoma saa ya ukutani, na bombani halikutoka hata tone. Tulizima, tukajaribu tena. Mara ya tatu tukasikia harufu ya kuungua kwenye boksi la pampu, na friji nayo ikanyamaza kimya. Kumbe kompresa yake ndiyo ilikuwa inakata roho.

Usiku ule insulini niliihamishia kwenye chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati nikajaza mchanga, nikaulowanisha, nikafunika kwa kitambaa kibichi. Hewa kavu ya Dodoma inapoza chungu vizuri, na njia hiyo niliitumia miaka yangu ya uuguzi kwenye zahanati za vijijini. Lakini maji ya kulowanishia mchanga niliyachota kwenye ndoo ya mwisho iliyobaki ndani.

Umeme uliporudi nilimwita fundi. Alibadilisha kapasita ya pampu, kile kifaa kinachoisaidia kuanza kuzunguka, akabana mita yake kwenye waya, akaniita nisogee nione mwenyewe. Pampu yangu ni ya nguvu farasi moja na nusu. Ikishazunguka inavuta ampia 9. Lakini sekunde ile ya kuwaka, namba iliruka ikapita 30. Kisha akapiga magoti kando ya jenereta, akamulika kibati chake cha maelezo kwa tochi ya simu. Pale, kwa maandishi madogo kama ya dawa ya macho, ilisomeka: nguvu ya kudumu kilowati 2.5, nguvu ya juu kabisa kilowati 2.8. Kwa volti 230, hiyo 2.8 ni kama ampia 12 tu. Ile 3.5 ya kwenye boksi ni 2.8 hiyo hiyo, ila imepimwa kwa KVA. Ukiizidisha kwa 0.8 unaipata. Na hata hiyo si ya kutumia saa nzima.

Ndipo nikaelewa kilichotuunguzia vitu. Mota ikikosa nguvu ya kuanza kuzunguka, haikati tamaa ikaacha. Inaendelea kuvuta umeme mwingi huku volti zimeanguka, inachemka, inaungua. Fundi akaongeza jambo ambalo sijawahi kusikia dukani: Dodoma tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyoandikwa kwenye kibati.

Sasa nina la 6.5 KVA, nguvu ya kudumu kilowati 5. Pampu inawaka kwanza, peke yake. Tenki likijaa inazimwa, ndipo zamu ya friji na taa. Pasi na hita ya kuogea haziguswi. Maji ya kuoga nachemsha kwa gesi.

Wapo wanaokimbilia upande wa pili. Jirani yangu alinunua la dizeli la KVA 20 kwa ajili ya taa, televisheni na friji mbili. Linatoa moshi mweusi na bomba lake linavuja mafuta meusi, kwa sababu injini ya dizeli isipopewa angalau theluthi ya mzigo wake haichomi mafuta yote. Amelipa zaidi yangu, na fundi yuko kwake kila mara.

Kama muuguzi siwezi kunyamaza kuhusu hili: jenereta likae nje, mbali na madirisha, hata kama unaogopa wezi. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua mtu usingizini. Na msiliunge kwenye waya za nyumba bila swichi ya kubadilishia umeme, maana umeme wenu utatoka hadi kwenye nguzo aliyopanda fundi wa TANESCO.

Ombi langu kwa wauzaji ni dogo. Kabla ya kuuliza bajeti, ulizeni mteja ana pampu ya nguvu farasi ngapi na friji ngapi. Fungueni boksi, msomeeni kibati, mtajieni nguvu ya kudumu. Na Shirika la Viwango liangalie uwezekano wa kuagiza namba hiyo, kwa Kiswahili, iandikwe nje ya boksi kwa herufi kubwa kama zile nyekundu.

Muuguzi mstaafu,
Mkonze, Dodoma