Barua kwa Mama Kulwa kuhusu kitenge cha walimu

Nyegezi, Mwanza
Jumapili

Mama Kulwa wangu,

Mwangaluka! Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikiwa nimekaa chini. Nimeona nikuandikie, maana tukianza kupigiana simu wewe utanikatiza na mimi nitakukatiza, vocha inaisha hatujafika popote. Kule chuo cha ualimu Butimba tulimaliza ugomvi mwingi kwa vikaratasi, na hili nalo tulimalize hivyo.

Sisi hatujambo. Mvua imenyesha siku tatu, barabara ya kwetu imegeuka uji. Dagaa wako walifika wakiwa wakavu kabisa, na nusu wameshaliwa na watu ambao sitawataja kwa kuwa wanaitwa wanangu. Kulwa na Doto nisalimie, waambie shangazi hajasahau ahadi ya daftari.

Sasa hilo la sare. Unasema mwalimu mkuu ameunda kamati ya watu watatu ipendekeze walimu wavae nini kazini, na wewe ukatupiwa ukatibu. Halafu unaniuliza rangi gani ya kitenge! Mama Kulwa, rangi ni ya mwisho. Anzeni na kazi.

Mimi nilianza na nguo, na nilikoma. Unaikumbuka ile sketi nyeusi niliyonunua kule mjini Makoroboi kabla ya kwenda kuripoti, ya kubana mpaka chini ya magoti? Nilijiona afisa. Nikapewa darasa la pili, watoto zaidi ya 90, wanne wanne kwenye dawati. Mtoto wa darasa la pili humsahihishi ukiwa umesimama, lazima uiname, uchuchumae, umshike mkono kwenye herufi. Sketi ikagoma. Basi nikawa nawaita mbele, foleni mpaka mlangoni, kengele inagonga nimefika kwa mtoto wa 20. Waliokuwa wanakuja mbele ni wale wachangamfu, wanaojua tayari. Wa nyuma kabisa, ambao hata kushika penseli ni kazi, nilikuwa siwafikii wiki nzima. Yaani sketi ndiyo iliyokuwa inachagua nimfundishe nani. Nililigundua hilo mwezi wa pili, siku nilipokosa nguo safi nikavaa lile gauni langu pana la kanisani. Nikapita kila dawati. Nikakuta mtoto mmoja kule nyuma anaandika kutoka kulia kwenda kushoto, ameanza hivyo tangu tufungue shule.

Kwa hiyo kwenye kamati yenu waulize wenzako: nguo hii mtu anaweza kuchuchumaa nayo? Akiinua mkono kuandika juu kabisa ya ubao, tumbo linabaki ndani? Viatu vinapanda mawe? (Kwenu Ukerewe sijui, lakini shule yetu iko kilimani, na anayekuja na visigino virefu huvivulia kwenye lile jiwe la kwanza.) Na chaki je? Nguo nyeusi, ikifika saa nne, mtu anadhani umetoka mashine ya kusaga. Mimi nimeishia kwenye rangi ya udongo na maua maua, yanaficha mengi.

Waraka upo, msijifanye mnaanza upya. Waraka wa Utumishi wa Umma Namba 3 wa mwaka 2007, ule wa mavazi, ulishasema habari za nguo za kubana, fupi na za kuonyesha maungo. Mkuu wenu lazima ana nakala. Mwombeni ausome wote kikaoni, kwa sauti, maana kuna watu wanaunukuu miaka yote hawajawahi kuuona, na ukisomwa ndipo watasikia kuwa wanaume nao wamo.

Hapo ndipo umeniudhi kidogo, nisamehe. Katika ujumbe wako wa dakika sita umetaja sketi, blauzi, mabega, wigi, kucha, mpaka hereni. Wanaume umewapa neno moja: “wachomekee.” Basi! Yule anayekuja na shati lililochanika kwapani, harufu inatangulia kuingia darasani, yeye hana kifungu? Na yule wa modo na raba za mazoezi? Hapa kwetu yupo kaka mmoja, kijana mzuri tu, aliyevaa suti ya harusi yake muhula mzima, koti na tai, kwenye joto hili na bati lile lisilo na dari. Alikuwa anafundisha akiwa amesimama dirishani kama anasubiri daladala. Hakuna aliyemwambia kitu, kwa sababu suti ni heshima.

Baba yangu mdogo, aliyefundisha Magu miaka yake yote, alikuwa na Kaunda suti mbili, ya kijivu na ya kaki. Mikono mifupi, mifuko minne, kalamu nyekundu upande mmoja na ya bluu upande wa pili. Jumamosi anafua moja, nyingine ipo kambani. Ile nguo ilikuwa na akili: haitaki tai, hewa inapita, na mtu akikuona nayo barabarani anajua huyu ni mwalimu. Na Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyefundisha Tabora na Pugu kabla ya kuacha kazi mwaka 1955, picha zake ngapi za urais umeona ana tai? Pendekeza Kaunda kwa wanaume uone watakavyonuna, halafu wakishazishona watakushukuru.

Kuhusu ile hoja kwamba mwalimu akivaa mtumba watoto hawamheshimu, nikupe kisa. Mwaka juzi nilikwenda soko la Mlango Mmoja siku ya kufungua belo, nikapata gauni la bluu, zuri hasa. Jumatatu naingia darasani, binti mmoja wa mbele ananiangalia anatabasamu. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, “Mwalimu, hilo gauni mama alikufichia chini ya meza, wasilione wengine.” Darasa zima likacheka na mimi nikacheka. Mama yake ndiye muuzaji wangu, nilikuwa sijui. Tangu hapo yule binti akawa ndiye mlinzi wa gauni, akiona nimekaribia kuegemea ubao ananong’ona, “Mwalimu, chaki!” Sasa niambie heshima iliyopungua iko wapi.

Heshima niliiona ikipungua mahali pengine. Shule moja niliyopita zamani, mkuu alimsimamisha mwalimu wa kike mstarini, asubuhi, mbele ya shule nzima, kwa sababu ya gauni lisilo na mikono. Akamwambia arudi nyumbani akavae kama mtu mzima. Mwenzetu alikwenda, akarudi amejifunga kanga mabegani. Kipindi cha tatu alikuwa na darasa la saba. Wavulana wakawa wanakohoa kila akigeukia ubao. Walikohoa mpaka Juni, alipoomba uhamisho. Kwa hiyo kama utaniandikia mstari mmoja tu kwenye hayo mapendekezo yenu, andika huu: mwalimu akikosea mavazi anaambiwa ofisini, na mlango umefungwa.

Haya, kitenge. Mimi sikipingi. Siku ya Ijumaa walimu wote na kitenge kimoja, inapendeza, na wanaovaa hijabu wanashona hijabu inayoendana, mjamzito anashona pana. Ila kiwe siku moja. Nani analipa? Nyie nusu yenu ni ajira mpya, mshahara unakatwa asilimia 15 kulipa mkopo wa chuo wa Bodi ya Mikopo kabla hujaushika, halafu yadi sita na fundi cherehani juu yake. Kama shule haina fungu, wapeni watu miezi mitatu, na anayeweza kushona shati tu ashone shati. Pia mkague kitambaa. Inaniuma kwamba tunaishi katikati ya mashamba ya pamba na bado tunavaa vitenge vya nailoni vinavyochemka mwilini. Mama yangu ana kanga ya enzi za Mwatex, kile kiwanda cha nguo cha hapa Mwanza, mpaka leo anajifunga. Chukua uzi mmoja pembeni uuchome kwa kiberiti: ukigeuka jivu ni pamba, ukivutika kama plastiki mrudishie mwenye duka.

Nywele sizigusi. Watoto tunawanyoa vipara halafu sisi tunaingia na rasta mpaka kiunoni, hilo mkilifungua hamtafunga kikao.

Nimekununulia kipande cha yadi sita, rangi ya udongo, maua madogo ya kijani. Nimekichoma uzi mwenyewe, ni pamba. Nitampa yule dada wa mizigo kwenye meli ya Nansio Jumatano, umpokee mapema maana ana haraka siku zote. Mwambie fundi aache sentimeta za kutosha kwenye pindo, na aweke mifuko miwili, mikubwa, ya kuingia chaki na simu. Kama rangi imekukataa usinirudishie, washonee mapacha.

Wako,
Mama Suzi