Wenye Bolt: tukutane Jumamosi

Habari zenu ndugu wa Columbus. Wenye Chevrolet Bolt (gari la umeme) za 2017 hadi 2022 ambao bado hamjapeleka gari kwa ule wito wa kiwanda wa kurekebisha betri, tukutane Jumamosi saa 4 asubuhi, maegesho ya nyuma ya ukumbi.

1. Njoo na namba ya chasi, ile ya herufi na tarakimu 17 chini ya kioo cha mbele, upande wa dereva. Tutaiangalia kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya serikali ya Marekani ya usalama barabarani.
2. Dola 5 za chai na mandazi.

Matengenezo ni bure. Fundi akidai hela, msimpe. Kwa sasa chaji isizidi asilimia 90, na gari lilale nje, si gereji. Najua baridi, lakini betri hizi zimewahi kuwaka.

Andika NIPO na mwaka wa gari kabla ya Alhamisi usiku, tafadhali.