Kwa Mwanangu, Kabla ya Zamu Yako ya Kwanza

Walukuba, Jinja

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, bibi yako anaendelea vizuri na goti lake, na sote tumefurahi mno kusikia kwamba kiwanda kule Namanve kimekuajiri kuwa fundi wa mifumo ya udhibiti wa umeme. Kwa pongezi peke yake simu ingetosha. Nimeamua kuandika kwa sababu kuna jambo ambalo sijapata kukuambia, na nisingependa ulisikie huku sauti inakatikakatika.

Unajua kwamba babu yako alikuja Jinja akiwa kijana kutafuta kibarua katika ujenzi wa bwawa la Owen Falls, lile lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo leo tunaliita Nalubaale, na kwamba alipewa chumba katika nyumba hizi za wafanyakazi, ambako Msoga, Mluo, Mnubi na Mganda walikutana bombani kila alfajiri na kulazimika kuelewana kwa Kiswahili. Yeye alibeba saruji tu, hakugusa waya hata mmoja. Mimi nikaingia kwenye waya, na sasa wewe unaingia kwenye programu.

Usiiogope PLC, ile kompyuta ndogo inayoendesha mashine za kiwanda, lakini pia usiiabudu. Kifaa hicho kilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati viwanda vya magari vilipochoka kung'oa na kufunga upya makabati ya rilei, yaani swichi zinazoendeshwa na umeme, kila aina ya gari ilipobadilika, na programu yake ikafanywa ifanane na mchoro wa ngazi ambao mafundi umeme walikuwa tayari wanausoma. Mimi niliyeanza na rilei na kontakta, zile rilei kubwa za kuwashia mota, sikuona ajabu kubwa siku ya kwanza nilipofunguliwa kompyuta. Niliona ngazi ileile, isipokuwa sasa haina vumbi. Mashine ikisimama, vijana wengi hukimbilia kompyuta na kuanza kuitilia shaka programu ambayo imefanya kazi miaka sita bila mtu kuigusa. Tatizo mara nyingi liko nje: sensa imelegea, kebo imekatikia ndani kwa ndani kwa kukunjwa na kukunjuliwa, skrubu imefunguka kwa mtikisiko, au mjusi amekaukia ndani ya kontakta. Mijusi wetu wanapenda joto la paneli, na nyigu nao hujenga humo, kwa hiyo kila tundu la kebo lisilotumika lizibwe. Ukikuta mtu amefungua mlango wa paneli ya inveta, kile kifaa kinachodhibiti kasi ya mota, na kuielekezea feni ya nyumbani ili ipoe, ufunge mlango huo kwa adabu na usafishe chujio la hewa, kwa maana feni ile inaingiza vumbi ambalo litaiua inveta kabla ya joto.

Acha nikusimulie mkanda mmoja wa kusafirisha maboksi ulionitesa. Ulikuwa unasimama wenyewe jioni, unawaka tena baada ya dakika kumi hivi, kisha kesho yake unarudia. Nilibadilisha sensa ya mwanga iliyohesabu maboksi, nikavuta kebo mpya, nikaazima hata kadi ya PLC kutoka mashine nyingine. Baada ya wiki mbili tatizo likatoweka, nami nikajisifu. Hiyo ilikuwa Machi. Septemba likarudi, jioni ileile, kwa namna ileile. Aliyenitegulia kitendawili ni mama aliyekuwa akifagia ukumbi ule, ambaye aliniambia kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi, kwamba mkanda husimama jua linapofika kwenye nguzo ya pili. Bati moja la ukuta wa magharibi lilikuwa limetoboka. Sisi tunakaa karibu kabisa na mstari wa ikweta, na katika miezi hiyo miwili, Machi na Septemba, jua letu huzama magharibi penyewe. Mkanda ule nao ulielekea mashariki na magharibi, hivyo mwali ulipenya kwenye tundu na kuipiga sensa moja kwa moja usoni, ikaona mwanga hata palipokuwa na boksi. Miezi mingine jua huzama pembeni kidogo, kaskazini au kusini, na mwali haufiki. Nilitumia kipande cha bati na misumari minne.

Tangu siku hiyo, kabla sijafungua sanduku la zana, humwendea kwanza anayeiendesha mashine na anayefagia chini yake, nikawauliza wameona nini, wamesikia nini, na ilikuwa saa ngapi. Andika saa hiyo. Ukiona mashine tatu zisizohusiana zilisimama dakika moja, huna haja ya kufungua hata mojawapo: umeme wa njia kuu ulipepesa na kontakta zikaachia. Na kwa kuwa wewe ni msichana, wapo watakaokupa tochi uwashikie. Wewe ishike, lakini kwa mkono mwingine shika mchoro, na uwe wa kwanza kusema waya namba fulani unakwenda wapi. Hawatakupa tochi mara ya tatu.

Sasa nisikilize vizuri. Utakapopima kipima shinikizo au kipima joto, utakuta kwamba ishara yake ni miliampea 4 hadi 20. Chuoni bila shaka walikufundisha kiasi hicho. Sijui kama walikueleza kwa nini haikuanzia 0. Imeanzia 4 ili kipimo cha chini kabisa kiwe bado kina mkondo, hivi kwamba ukiona 0 ujue moja kwa moja kuwa waya umekatika. Swichi ya dharura nayo imefungwa kwa akili hiyohiyo: hupitisha umeme wakati wote kuna usalama, ili ikibonyezwa, au waya wake ukikatwa na panya, mashine isimame. Walioipanga kazi hii kabla yetu walitaka mashine ikiharibika iseme yenyewe. Mimi niliwahi kuinyamazisha.

Ilikuwa mwaka 2009, nawe ulikuwa darasa la pili. Mashine moja ya kufunga maboksi ilikuwa na mlango wa kinga wenye swichi: ukifungua mlango, mashine inasimama. Bawaba zilikuwa zimelegea, kwa hiyo kila mtikisiko ulifanya swichi iachie na mashine kusimama bila sababu. Usiku ule msimamizi wa zamu alinipigia simu mara tatu, lori lilikuwa linangoja getini, na mimi nilikuwa na usingizi. Nilikata kipande cha waya mwekundu, urefu wa shubiri moja, nikaunganisha ncha mbili za swichi ile ndani ya paneli ili PLC iamini kwamba mlango umefungwa daima. Nilijiambia kwamba nitautoa asubuhi baada ya kukaza bawaba. Asubuhi nilikwenda kulala, kisha nikawa na mapumziko ya siku mbili, na katika kitabu cha zamu sikuandika neno.

Siku ya pili yake, mwendeshaji wa mashine ile alifungua mlango kutoa boksi lililochanika, kama alivyofanya kila siku kwa miaka minne, akijua kwamba mlango ukifunguka kila kitu husimama. Hakikusimama. Ni mjomba wako wa Bugembe, yule anayekuja kwetu kila Idi na kutusalimu kwa mkono wa kushoto. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini ninammenyea machungwa mtu mzima, nami nikakuambia ni mgeni.

Ripoti ya kwanza ilisema amefanya uzembe. Nilikaa na jambo hilo siku nne kabla ya kwenda ofisini kusema kwamba waya ni wangu. Sitajitetea kwa ajili ya siku hizo nne. Nilipewa barua ya onyo, yeye akapewa fidia ndogo na kuhamishiwa stoo, na hadi leo hajaniuliza chochote. Nilimwomba ruhusa kabla ya kukuandikia, naye alikubali, akaongeza kwamba nikukumbushe kukaza bawaba.

Kwa hiyo, msimamizi akikuambia uunganishe tu ili kazi iende, mjibu kwa heshima kwamba utaandika kitabuni kuwa yeye ndiye aliyeagiza, na umwombe atie sahihi. Mimi nimetumia jibu hilo tangu wakati ule, na sijaona aliyetia sahihi.

Kabla ya kugusa, zima swichi kuu, tia kufuli lako mwenyewe, na ufunguo uwe mfukoni mwako, si kwenye meza, si kwa rafiki. Kisha jaribu mita yako mahali unapojua pana umeme, pima unapotaka kufanya kazi, halafu ijaribu tena pale pa kwanza, kwa sababu mita iliyokufa nayo husoma 0. Kwa inveta, ngoja muda ulioandikwa kwenye kifuniko, hata kama ni dakika kumi na watu wanakusimamia kichwani. Kapasita zake katika umeme wetu wa volti 415 hushikilia karibu volti 580 za mkondo mnyoofu, na hukaa nazo kimya baada ya kuzimwa. Usivae pete wala bangili. Ile uliyopewa na bibi iache chumbani, nimeshamweleza na amekubali kwa shingo upande.

Katika kifurushi anachokuletea binamu yako utakuta mandazi ya mama yako, ambayo uyale kwanza kabla hayajakauka, viatu vya soli ya mpira, mita yangu ya zamani ambayo bado inasoma vizuri, na kufuli jekundu. Lilikuja na funguo mbili. Moja iko ndani ya kiatu cha kulia. Ya pili nimeikata kwa msumeno.

Ni mimi baba yako.